Waya Nilioukunja

Mzee Katana,

Shikamoo. Nimezoea kukuamkia kabla sijashika bisibisi, na leo nakuamkia ingawa najua sitasikia marahaba. Una miezi minne kaburini kule Kaloleni. Meza yako kiwandani hapa Malindi amepewa fundi mwingine, mtu mzuri, ila hapigi miluzi kama wewe.

Mzee, aliyekosa ni mimi. Niseme kabla sijaanza kuzungukazunguka.

Unakumbuka tulipofunga kile kifaa cha kukinga radi kwenye waya za kipimo cha tangi la juisi? Waya wake wa ardhi uliukata mfupi kabisa, ukaniambia: "Mwanangu Mueni, radi ina haraka. Ukiirefushia njia ya kwenda ardhini, itaingia kwenye mitambo." Nikaitikia, nikacheka.

Ulipokwenda matangani, tukaambiwa wageni wanakuja kukagua. Nikauona ule waya wako umekatiza ovyo ndani ya sanduku. Nikautoa, nikatia mrefu, nikaukunja duara tatu na kuubana vizuri. Meneja alipiga picha. Kichwa kikanivimba, wala sikukwambia.

Masika yakaja na radi. Ilipiga mnazi ng'ambo ya ukuta tu, lakini kipimo kikaungua, na mitambo nayo ikaungua. Kabla hujafika nilikuwa nimeshaurudisha waya mfupi, ule mrefu nimeutia mfukoni. Karatasi ya kazi ya kufunga kifaa kile ilikuwa na jina lako. Meneja akakuita mzembe mbele yetu, wewe na umri wako, akakwambia urudi nyumbani. Nilikuwa hatua mbili kutoka uliposimama, nikatazama viatu vyangu.

Nilijiambia nitakuja kukueleza hasira za meneja zikipoa. Moyo wako haukungoja. Majuto ni mjukuu, watu husema. Huyu wangu nambeba mgongoni kila siku.

Jumamosi nilikwenda kwa mkeo, Mama Kadzo, nikaungame. Kabla sijafungua mdomo alinitolea daftari. Akasema tangu ufukuzwe ulikuwa ukikaa kibarazani kila asubuhi, unachora lile sanduku, skrubu kwa skrubu, unatafuta ulipokosea. Kurasa na kurasa, Mzee! Kwenye ukurasa wa mwisho umeandika: "Labda mkono wangu umezeeka." Nililia mpaka nikaona haya.

Nilimwambia yote. Aliingia ndani akafunga mlango, na ana haki. Jumatatu nikamwambia meneja mbele ya mafundi wote, palepale alipokutukana. Nimesimamishwa kazi. Kwenye karatasi ile jina lako limefutwa, limeandikwa langu.

Sikuombi msamaha, maana huwezi tena kuninyima. Nakuahidi hivi: kila nitakayemfundisha kufunga kifaa kile atasikia kisa hiki chote, pamoja na jina la aliyekosa.

Kwaheri, mwalimu wangu. Pumzika, usitafute tena. Hukukosea popote.

Mueni