Maua ya mama kwenye mulima ya shaba

Tata yangu mupenzi,

Huku Kolwezi tuko muzuri, na mi nimeshinda! Ulisema ile maua ya bluu yenye ulichumaka wakati ulikuwa unamuposa mama haiko tena, sababu mashini zilishakula milima yote ya shaba. Haiko vile! Leo asubuhi nilipanda na dada yako, tantine Ngalula, kwenye mulima moja yenye ilibakia. Hakuna muti hata moja, ni mawe tu, na jua inachoma mugongo. Tantine alinung'unika njia yote: «We mutoto, uko na kichwa nguvu kama baba yako!» Kisha akanyoosha kidole. Ilikuwa pale katikati ya mawe, ndogo kama kifungo ya shemizi, bluu kabisa. Tulipiga bikelekele mupaka mbuzi zikakimbia.

Sasa ninajua sababu gani ile maua ilikufa kila mara uliipanda zamani kwenye kaburi ya mama. Tata, ulikuwa unailisha mbolea ya mbuzi! Huku inaota kwenye udongo ya shaba, fasi yenye hata muhogo inakataa kuota.

Nitarudia Kamina na mbegu, na mufuko muzima ya ile udongo mubaya. Citoyen wa tiketi kwenye train atanicheka. Acheke! We toa mbolea yako yote pale kwa mama, hatupande mboga ya lengalenga.

Vaa kapoti yako, tata, Kamina iko na baridi. Na uweke jembe karibu: ninamuletea mama maua yake.

Mutoto wako,
Mbuyi