Uliza Mara Moja

Jumatatu, 6 Januari

Leo nimepigwa marufuku kuongea! Mtaalamu wa watoto wenye usonji alikuwa ananiangalia tu nikimuuliza binti yangu, Kidosho: unataka maji? Kimya. Una kiu? Kimya. Nikuletee kikombe? Mtaalamu akainua mkono. Eti mama, kila ukibadilisha maneno, kwake hilo ni swali jipya. Anaacha pale alipofika, anaanza upya. Uliza mara moja, halafu subiri.

Nisubiri! Mimi! Mdomo wangu na cherehani yangu, hakuna kinachojua kupumzika.

Mume wangu kaangua kicheko nilipomsimulia. Wewe unyamaze? Labda jua litoke magharibi. Nimemrushia mto.

Jumanne, 7 Januari

Nimejaribu. Chai au maziwa? Nikauma midomo. Nikakunja nguo za wateja, nikatia uzi kwenye sindano, maneno yamenijaa mpaka kooni. Nimeshasahau kabisa, mara Kidosho: maziwa, kikombe cha bluu. Nilitaka kupiga vigelegele! Nikajizuia, asije akashtuka.

Jumatano, 8 Januari

Mteja kaja kujaribu gauni lake. Anajizungusha mbele ya kioo, mimi najisifu moyoni. Kidosho, kutoka chini ya meza ya kukatia: hicho kina matundu mawili. Kipi? Tukaangalia. Vifungo vyote vina matundu manne, kimoja mawili! Mteja kacheka mpaka kakaa chini. Mimi aibu, lakini raha tele.

Nikawaza jioni nzima. Sisi tunaona gauni, vifungo baadaye, au hatuvioni kabisa. Yeye anaanza na kifungo, anakuja kwenye uzi, anakuja kwenye pindo, ndipo gauni linapotokea. Na maneno nadhani ni hivyo hivyo. Kazi yote hiyo kichwani, halafu watu wanasema mtoto mzito!

Wifi yangu ndiye anayesema. Keshokutwa Kidosho anafanyiwa usaili wa darasa la kwanza, shule ya hapa mtaani. Wifi anasema nisijisumbue, wakimkataa ipo ile shule ya bweni, mbali huko. Bweni! Mwanangu alale mahali asiponisikia nikikohoa chumba cha pili? Thubutu.

Alhamisi, 9 Januari

Nimeshona mkono wa kulia upande wa kushoto. Nimefumua. Mume wangu ananiambia haraka haraka haina baraka. Kamwambie mwalimu mkuu atakayemuuliza kesho, siyo mimi!

Ijumaa, 10 Januari

Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nimetolewa!

Ilianza vizuri. Akamuuliza: nyumbani unaishi na nani? Kidosho akatazama feni. Mwalimu akarudia: baba yupo? Una ndugu? Uvumilivu ukanishinda. Mwalimu, samahani, uliza mara moja tu, umsubiri. Akanitazama juu ya miwani. Nikamweleza yote, mtaalamu, maziwa, kifungo, bila kituo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa upole kabisa: basi mama, na wewe tupishe kidogo. Amenipata! Nimetoka nacheka peke yangu.

Akisema hawezi, hakuna shule nyingine ya karibu. Ee Mungu.

Mlango haukufungwa sawasawa. Nasikia mwalimu anauliza. Ukifika asubuhi ukakuta darasa limefungwa, utafanya nini?

Kimya.

Kalamu inagonga meza. Imeacha.

Jibu analo, najua analo. Anapita kwenye mlango kwanza, kitasa, kufuli, nani ana ufunguo. Natamani niingie nimwambie mwalimu. Nimeng'ata ukosi wa gauni langu, afadhali mdomo uwe na kazi.

Kengele. Watoto wametoka mbio, uwanja mzima makelele. Kidosho hapendi makelele! Sasa kiti kimesogezwa — mwalimu anasimama. Ndiyo basi. Anakuja kuniita.

Hapana. Amefunga dirisha. Amerudi kukaa. Makelele yamepungua, na swali hajalirudia. Anamsubiri.