Sikio la Idara

Jumatatu, 12 Januari 2026

Muhula umefunguliwa. Mwaka wa tatu wameingia karakana kwa mara ya kwanza, watu kumi na wanane. Miaka miwili ya mwanzo wanasoma vitabu tu, sasa ndipo wanashika injini. Mmoja wao hasikii. Pascalia Osiako, wa Butere. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa na miaka tisa. Anazungumza vizuri, ila sauti yake haipandi wala haishuki, na anasoma midomo. Ameniomba jambo moja: nikieleza, nisilipe darasa mgongo. Nimesahau mara nne.

Daktari Priscah, mkuu wa idara, alinitambulisha kama anavyofanya kila mwaka. Huyu ndiye Fundi Philemon, sikio la idara. Injini kabla haijakohoa yeye ameshasikia. Wakacheka. Nikacheka pia, kwa kuwa maneno hayo nayajua kwa moyo.

Jumatano, 14 Januari

Daktari Priscah aliniita ofisini. Kamati ya usalama inauliza habari za Pascalia. Kila mwanafunzi lazima asimame kwenye swichi ya kuzimia injini mara tatu, la sivyo hafaulu somo. Je, asiyesikia anaweza kusimama pale?

Akaniambia: "Chumba cha injini unakijua wewe. Niandikie ukurasa mmoja. Ukisema ndiyo, nitaenda na ndiyo. Ukisema hapana, tutamtafutia kazi nyingine ya kufanya."

Alisema kwa upole. Si mtu mbaya.

Hapa daftarini naweza kusema. Sikio langu la kulia lilikufa mwaka juzi. La kushoto limebaki nusu, labda chini ya nusu. Miaka kumi na tisa kwenye gereji za ndege Nairobi, na kinga yetu ilikuwa pamba. Injini siisikii. Naweka kiganja juu ya fremu ya chuma iliyofungiwa injini, kiatu kwenye bamba la sakafu, na mtetemo unanieleza kila kitu. Wengine wanaona mzee ameegemea.

Hakuna anayejua. Nina miaka hamsini na sita. Fundi asiyesikia watampeleka wapi? Stoo, akahesabu misumari.

Ijumaa, 16 Januari

Barua imeenda. Mistari saba. "Kwa maoni yangu, haifai."

Niliandika ya kwanza inayosema inafaa. Nikaisoma. Nikaona swali litakalofuata: Fundi, umejuaje? Nikaichana.

Najiambia ni kwa usalama wake.

Jumanne, 20 Januari

Uamuzi umebandikwa kwenye ubao wa matangazo, jina lake likiwa wazi kila mtu asome. Pascalia atakaa kwenye meza nje ya kioo, anakili namba za geji. Haruhusiwi kupita mlango wa chumba cha injini ikiwa inawaka. Alama zake zitaangaliwa baadaye. Baadaye lini, haijasemwa.

Alinifuata karakana nikipanga spana. Akaniambia: "Fundi, injini ikiwaka nyote mnavaa vifuniko vya masikio. Sasa nani anasikia nini?"

Niliendelea kupanga spana. Akarudia. Nilijifanya sikusikia.

Mimi, kumfanyia hivyo yeye.

Ijumaa, 23 Januari

Chrispinus, kiongozi wa darasa, amekuja kunisimulia bila kuulizwa. Kundi lao la WhatsApp lilikuwa la kutumiana sauti tu. Juzi kipindi kilihamishwa, habari ikatumwa kwa sauti, Pascalia akakaa peke yake kwenye darasa tupu saa nzima. Sasa Chrispinus amepiga marufuku sauti. Kila kitu kiandikwe. Baadhi wamenung'unika kuwa kuandika ni kazi. Yeye mwenyewe amejifunza ishara za namba, moja mpaka mia, akanionyesha. Vidole vyake vinene vinagongana.

Alisema wao walidhani mimi ndiye ningemtetea. Hakuwa ananilaumu. Alisema tu, kama mtu anayesema mvua haikunyesha.

Jumapili, 25 Januari

Aibu kanisani. Mchungaji alisema jambo, watu wachache wakasimama, nami nikasimama. Kumbe wameitwa wageni waliofika kwa mara ya kwanza! Mimi, niliyesali hapa Amalemba miaka kumi na mmoja. Watu walicheka kidogo, kwa heshima. Christine, mke wangu, akanivuta koti.

Nyumbani akapakua obusuma, ugali wetu, na mboga, akakaa mkabala nami badala ya pembeni. Nilijua ana neno.

"Baba Emily, nimengoja miaka miwili uniambie."

Nikauliza nimwambie nini.

"Usinifanye mtoto. Unafikiri kwa nini natembeanga upande wako wa kushoto? Kwa nini Emily akipiga simu nachukuanga mimi?"

Nikamweleza habari ya barua. Hiyo hakuwa akiijua. Aliacha kula. Akauliza kama huyo msichana ana mama. Nikasema yuko Butere, analima miwa. Aliosha vyombo, na kwa mara ya kwanza hakuniita nikaushe.

Alhamisi, 29 Januari

Lazima niandike yote kama yalivyokuwa.

Injini iliwashwa saa tisa. Chrispinus kwenye swichi. Wanafunzi wanne ndani pamoja nami, yeye mmoja wao, wengine nje ya kioo, Pascalia mezani na daftari lake la namba. Dakika sita zote shwari. Kisha mvua ikaja, ya mawe, ile inayoanguka Kakamega kana kwamba mtu anamwaga kokoto juu ya mabati. Jengo zima likatetemeka. Kiganja changu kikapotea. Sikuweza tena kutofautisha injini na paa. Ningeizima pale pale. Nilijiambia mvua itapungua.

Nilikuwa nimekipa kioo mgongo. Mlango ulifunguka, mimi sikujua. Nilichoona ni Pascalia amepita mbele yangu mbio, amesimama uso kwa uso na Chrispinus, akapitisha mkono shingoni mwake kama kisu. Zima. Chrispinus akazima.

Tulifungua injini ilipopoa. Beringi ya nyuma imekuwa ya buluu kwa moto, gololi mbili zimevunjika. Sekunde chache zaidi na mhimili ungekatika, vyuma vikaruka. Kioo kile hakikutengenezwa kuzuia kitu kama hicho.

Nikamuuliza Pascalia ameonaje. Geji ya joto ilianza kupanda kidogo kidogo, akasema, na chai kwenye kikombe chake ilikuwa inacheza hata mvua ilipolegea. Aligonga kioo kwa ngumi. Hakuna aliyegeuka.

Halafu Chrispinus akasema maneno ambayo nadhani nitazikwa nayo.

"Lakini tuliisikia, Fundi. Ilikuwa inapiga ukelele, hata na vifuniko. Sote tuliisikia. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Nikasema kama Fundi hajasema kitu, basi ni salama."

Vijana wanne wenye masikio mazima. Waliacha masikio yao wakategemea yangu.

Ijumaa, 30 Januari

Idara inanipongeza. Habari imefika juu ikiwa imepinda: Fundi Philemon aliokoa injini. Nilimwambia Daktari Priscah kuwa ni Pascalia. Akasema ndiyo, amesikia pia kuwa aliingia chumbani injini ikiwaka, kinyume cha amri iliyoandikwa. Kamati itamwita ajieleze tarehe kumi na mbili. Inaweza kumtoa kwenye somo kabisa. Na bila somo hilo hakuna mwaka wa nne.

"Angekaa nje aache watu wafe?" nikauliza.

Alijibu akiwa ameangalia tarakilishi. Sikupata. Nikasema sawa.

Jumanne, 10 Februari

Wiki nzima na zaidi sikuandika.

Leo Christine amenipeleka kwa daktari wa masikio. Kijumba kidogo, vifaa vya kuvaa kichwani, bonyeza kila unaposikia mlio. Nilikaa muda mrefu bila kubonyeza, nikadhani bado hajaanza. Kupitia kidirisha nikamwona amenihurumia. Karatasi ina mstari unaoteremka kama barabara ya kwetu Malinya. Kulia hakuna kitu. Kushoto, sauti nyembamba zote zimeondoka, na hizo ndizo sauti ambazo beringi hupigia kelele. Akasema haya hayakuanza jana. Nikasema najua.

Kwenda nyumbani Christine alinishika mkono, barabarani, mbele za watu. Si kawaida yetu.

Jumatano, 11 Februari

Nimemtafuta Pascalia. Alikuwa kwenye ngazi za maktaba, na maandazi kwenye karatasi. Niliketi pale anapoweza kuniona mdomo. Nikamwambia. Sisikii. Kulia hakuna kitu.

Hakushtuka. "Najua, Fundi. Tangu siku ya kwanza."

Nikauliza amejuaje.

"Unaniangalianga mdomo. Watu wanaosikia huangalia macho."

Nilitaka kucheka, nikaona yeye hacheki. Akakunja karatasi ya maandazi, mara nne, ndogo kabisa.

"Na ukaandika ile barua ukijua."

"Ndiyo."

"Ukijua mwenyewe hufanyi kazi kwa masikio."

"Ndiyo, mama."

Nilikuwa nimejiandaa aseme nimemuudhi, au anisamehe, au alie. Alisema mama yake ameuliza kila Jumapili kwa ujumbe kama ameshasimama kwenye swichi, na kila Jumapili amemdanganya kwamba zamu yake bado. Kisha akachukua begi akaenda. Sikuwa na haki ya kumfuata.

Nimeandika barua usiku kabla ya chakula. Haikuwa ngumu kama nilivyoogopa. Ile ya Januari naifuta. Mimi, Philemon, fundi wa karakana, sisikii, cheti cha daktari kimeambatanishwa. Nimeendesha injini miaka miwili kwa kiganja na kwa macho. Kosa si kwamba sisikii. Kosa ni kwamba nilificha, na darasa likanitegemea kwa kitu nisichokuwa nacho. Mwanafunzi huyu anafaa kusimama kwenye swichi. Pawekwe taa nyekundu na kila mtu awe na ruhusa ya kuzima. Christine aliisoma. Akabadilisha neno moja tu: niliandika "nasikitika", akaweka "nilikosea".

Alhamisi, 12 Februari

Naandikia kwenye benchi, korido ya utawala, saa nne na dakika kumi.

Barua nimempa Daktari Priscah asubuhi mkononi. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema kitu akigeuka kufunga dirisha. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue: "Daktari, tafadhali nigeukie, sijapata." Akageuka. Uso ulikuwa umebadilika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mngenipeleka stoo."

Hakusema hapana. Aliikunja barua, akaiweka ndani ya faili ya Pascalia, akasema kamati itatusikiliza wote, mmoja mmoja, na kwamba hawezi kuniahidi lolote. Si kwa upande wangu, wala wa Pascalia. Nilimshukuru kwa kusema wazi.

Chrispinus na wenzake wamekaa chini kwenye nyasi, nawaona kupitia matundu ya ukuta. Wote kumi na saba. Kipindi chao ni saa hii, na hawajaenda.

Pascalia yuko kwenye ncha ile ya benchi. Mimi ncha hii. Katikati yetu panatosha watu watatu. Alinisalimu kwa kichwa. Mkalimani wa lugha ya ishara ameshaingia ndani, ametangulia.

Karani amefungua mlango. Ametaja jina akiwa ameinamia faili, amerudi ndani, ameacha mlango wazi. Jina moja. Sikulipata. Pascalia ananiuliza kwa mkono, nani? Nimetikisa kichwa. Sijui. Hajui pia.

Amesimama, amekuja mpaka hapa nilipo. Anainua vidole viwili, anaelekeza mlangoni, twende wote. Ananionyesha niweke kalamu chini.