Hatimaye Nimeenda kwa Mama Furaha

Jumapili, wiki ya kwanza ya Novemba. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Birmingham ambayo huyasikii mpaka soksi zishike maji.

Leo nimeenda makaburini. Imenichukua miezi minane.

Mama Furaha amelala kwenye makaburi ya Wakatoliki, basi mbili kutoka kwetu Handsworth. Siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa, karibu na geti, nikaondoka kabla kina mama hawajamaliza kuweka maua. Sikurudi tena. Lakini Novemba ni mwezi wa marehemu, na leo padre ametukumbusha kwamba wafu hawawezi kujiombea, wanatutegemea sisi. Nilihisi kama ananitazama mimi. Baada ya Misa nikamwambia binti yangu Ndinda kuwa hatuendi nyumbani kwanza.

Ndinda ana miaka kumi na tano, na amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Alijibu kwa Kiingereza kwamba viatu vyake si vya matope. Kisha akanifuata.

Wacha niandike Mama Furaha alikuwa nani, maana naogopa kusahau.

Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mkunga kwao, mkimbizi hapa. Nilipofika kutoka Kitui na kuanza kazi katika nyumba ya wazee kule Longbridge, yeye ndiye niliyepewa anifundishe. Vyeti vyake vya ukunga havikumsaidia kitu nchi hii, lakini alijua kazi kuliko waliotusimamia. Alinifundisha kwamba mzee wa Kiingereza akikuambia yuko sawa, usimwamini, angalia kikombe chake. Kama chai imepoa na hajaigusa, kaa naye. Alinifundisha kumwosha aliyefariki huku ukimwita jina na kumwambia unachomfanyia: sasa nakugeuza, sasa nakufunika. Wakati wa mapumziko alinigawia wali na sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, bila kuniuliza kama nina njaa.

Mama yangu alipofariki, makaratasi yangu ya kuishi hapa yalikuwa bado hayajatoka. Ningesafiri, nisingeruhusiwa kurudi. Nikamzika mama kwa simu. Tulikaa chumba cha kubadilishia nguo kazini, Mama Furaha ameshika simu. Jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Mama Furaha hakusema pole. Aliweka simu chini, akanikumbatia, akaanza kuimba wimbo wa mazishi wa kwao, sauti ya chini, mpaka alipohisi kule Kitui watakuwa wamemaliza kufukia.

Huyo ndiye mtu niliyemwacha.

Alipolazwa hospisi, nyumba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, nilienda kumwona mara moja. Dakika ishirini. Nilimwambia nitarudi Alhamisi. Aliishi siku kumi na saba baada ya hapo, na sikurudi. Nilimwandikia mume wake kwamba shifti zimenibana. Ukweli ni kwamba siku nyingine nilikuwa nyumbani, nimeshavaa koti, nimekaa kwenye kochi, siinuki. Nimewaosha wageni wengi wakiwa wanakufa. Yeye sikuweza hata kumshika mkono.

Mama yangu nilitenganishwa naye na bahari na serikali. Mama Furaha nilitenganishwa naye na basi mbili.

Tulipita makaburi ya zamani, misalaba ya mawe yenye majina ya Waayalandi na Wapolandi, hadi upande mpya. Kaburi lake bado halina jiwe, lina msalaba wa mbao tu. Na pale, akifagia majani kwa ufagio mdogo wa mkono, alikuwa mume wake, Papa Furaha.

Nilitaka kugeuka. Ndinda alikuwa ameshamwamkia.

Papa Furaha alinipa mkono, akauliza habari za nyumbani. Mdomo wangu ukaanza wenyewe ule wimbo wa zamani: "Papa, zile shifti wakati ule..."

Nikatazama msalaba. Pale palikuwa na jina la mke wake.

"Sikuwa kazini, Papa. Nilikuwa nyumbani. Nilishindwa tu kuja."

Ndinda akanigeukia. Papa Furaha aliendelea kufagia kidogo, kisha akauweka ufagio chini.

"Minajua," alisema. "Naye alijua."

Sikujua nimwulize au nisimwulize. Nikamwuliza.

"Alinitafuta?"

"Alikungojea, Mama Ndinda. Siwezi kukudanganya hapa, pa kaburi yake. Kila mlango ukifunguka, anaangalia." Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Juma ya mwisho akatuambia, 'Musimukasirikie. Anaogopa.' Lakini alikungojea."

Nilipiga magoti kwenye matope. Sikulia kwa ustaarabu. Nililia kama watu wanavyolia kwetu, na mama mmoja mzungu aliyekuwa akibadilisha maua kaburi la tatu akaja na tishu, akazishika tu, hajui ampe nani.

Baadaye Papa Furaha aliniomba niongoze fungu moja la rozari. Tulipomaliza, alisema kwao huwa wanawataja marehemu wao kwa majina kabla ya kuondoka. Akaanza yeye. Nilidhani atataja mawili matatu. Alitaja kumi na moja. Ndugu, wazazi, na watoto wawili ambao sikuwahi kusikia habari zao miaka yote ile ya kula sombe ya mama yao. Wengi wao, alisema, hawana kaburi la kufagia.

Nami nikataja. Mama yangu, Mutheu. Sista Benedikta aliyenifundisha kuchoma sindano kule chuo cha uuguzi na kunichapa vidole kwa rula nikikosea. Kisha Mama Furaha, ambaye jina lake halisi, Espérance, nilikuwa nalitamka kwa mara ya kwanza.

Ndinda alikuwa ameingiza mikono ndani ya mikono ya jaketi. Halafu akasema, kwa Kiswahili, polepole: "Na Susu. Sikumjua. Lakini pia yeye."

Susu ni bibi yake, na nilikuwa nimeshamtaja. Sikumsahihisha.

Kwenye basi Ndinda aliniuliza kama nilikuwa namwogopa Mama Furaha. Nikamwambia hapana, nilikuwa naogopa kuwepo pale atakapoondoka. Kisha akauliza, na Babu je?

Babu ni baba yangu. Ana miaka themanini na moja, yuko Kitui, macho yamepungua nguvu. Makaratasi yangu yametoka miaka mingi iliyopita. Hakuna serikali inayonizuia tena. Kila Jumapili ananiuliza nakuja lini, nami humwambia mwakani, Mungu akipenda. Nimekuwa nikimsingizia Mungu.

Nikatoa simu, nikamwandikia msimamizi wangu kuomba likizo ya Desemba, wiki tatu, niende Kitui na mtoto. Ndinda akasoma juu ya bega langu, akarekebisha kosa moja la Kiingereza, nikatuma.

Msimamizi hajajibu bado. Akikataa, kesho nitaenda ofisini kwake nikamwombe ana kwa ana.

Jioni hii Baba alipiga simu kama kawaida, akaniuliza swali lake. Nilimwambia nimemkumbuka sana. Siku ya kufika sikumtajia, wala sitaitaja mpaka niwe na tiketi mkononi, kwa sababu ahadi zangu nazijua.