Buloni ya Nane

Nyamitanga, Mbarara

Yaya Bahati, kaka yangu mkubwa,

Wewe, mke wako na ukoo wote wa Uvira, mukae vizuri musikie: mimi mdogo wenu, mwenye kitambi na miwani ya kuazima, nimefungua buloni saba, zile bolti za injini, za gari la mashindano. Saba. Zilikuwa nane.

Habari za huko? Mgongo wako umepona, ao ungali unatembea kama mutu anayetafuta sindano chini? Sisi ni wazima. Mke wangu Mama Neema na watoto wetu wako kambi ya wakimbizi ya Nakivale, maharagwe yameota vizuri. Ninawaona mara mbili kwa mwezi. Siku zingine niko hapa getini kwa yule mama mjane aliyeniajiri ulinzi, kufungua na kufunga. Ningekupigia, lakini unite za simu zingeisha kabla ya buloni ya tatu.

Mwana mkubwa wa mama huyu, Mugisha, ana gari jekundu la viti viwili, limeinama hata kuku hapiti chini yake. Kolekteri, kile chuma cha matawi manne kinachopokea moshi wa injini, hapa wanaiita manifodi, ilipasuka, gari likawa linanguruma mtaa mzima. Nikamwambia nilikuwa fundi Uvira. Akanijibu, na sebo kwao ni bwana:

"Sebo, ukitoa hiyo manifodi vizuri, geti unaacha. Utachunga magari yetu yote, hata lori."

Yaya, miaka tisa mkono wangu unajua jembe na komeo tu. Niliposhika spana nilijisikia mutu tena.

Lakini injini ile imebanwa, hakuna fasi ya kidole, sembuse changu. Buloni ya kwanza ilinila saa nzima na ngozi ya vidole viwili. Nikamimina mafuta ya taa, nikangoja, nikagonga, nikaomba Mungu, nikagonga tena. Mpishi, mama mmoja wa Rugaaga, akaleta kiti chake kuniangalia.

"Askari, gari imekukamata?"

"Tunaongea."

"Mbona yeye hapana jibu?"

Ya nane ilikuwa chini kabisa. Nikalala chali, nikachomeka bomba kwenye mkia wa spana, kama tulivyofanya kwa malori ya njia ya Bukavu, nikasukuma kwa miguu. Ikalia tak. Kichwa cha buloni kikaanguka kifuani mwangu, shina likabaki ndani ya injini.

Nikamwambia Mugisha ni kutu ya miaka mingi. Akanishika bega: "Pole, mzee. Hata fundi wa Kampala angevunja." Gari likavutwa mpaka gereji ya mjini, na ufunguo wa lori akanipa hata hivyo.

Unisalimie shangazi anayeuza dagaa, mchungaji wetu, na shemeji yako mshona viatu. Mwambie vile alivyonishonea bado vinacheka mbele.

Hapa nilitaka kuweka sahihi. Lakini ni wewe uliyenifundisha ufundi, siwezi kukutumia uongo wa kutu. Buloni ile ilikuwa nyepesi kuliko zote. Nilikuwa nimeanza kuilegeza kutoka juu. Mpishi akacheka, nikataka kumaliza haraka, nikaingia chini na kuikabili kwa nyuma, ambako kulegeza na kukaza hubadilishana. Nilikuwa ninaikaza, Yaya. Niliikaza kwa bomba na miguu miwili mpaka ikakatika.

Leo asubuhi nilimwambia Mugisha hivyo hivyo. Hakukasirika. Alinyoosha mkono, nikamrudishia ufunguo wa lori, akaniuliza kama geti la nyuma nimelifunga.

Mdogo wako,
Zakaria