Ufagio wa Waliochelewa

Mjukuu wangu Chebet,

Salamu nyingi kutoka hapa Kapseret. Ng'ombe wako amezaa ndama jike, na babu yako amempa jina lako bila kutuuliza.

Umeuliza kama hayo unayojifunza katika shule za Japani yatafaa utakaporudi kufundisha huku. Nikukumbushe nilipokuwa mwalimu kijana. Katika darasa langu, kufagia kulikuwa adhabu ya waliochelewa. Jepkoech alifagia kila asubuhi, kwa sababu alikamua ng'ombe kwanza. Wenzake walimwita Ufagio, naye alikuwa ameanza kumwambia mama yake kwamba hataki shule tena.

Siku moja alitutembelea mwalimu kutoka huko uliko. Alipomkuta Jepkoech akifagia, alifurahi, akachukua ufagio mwingine, akainama kando yake.

"Pole, mwalimu," Jepkoech akamwambia. "Hata wewe umechelewa?"

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Mgeni alipoelezwa kwamba kwetu kufagia ni adhabu, alishangaa. "Kwetu tunafagia sote," akasema. "Si darasa letu?"

Kesho yake nilifika mapema, nikaanza kufagia. Watoto wakaja kunisaidia mmoja mmoja. Jepkoech alipoingia, akihema, alitafuta ufagio, akakuta sakafu safi. Akaketi, akafungua daftari. Hakuacha shule.

Ufagio ulikuwa wetu tangu zamani, Chebet; mgeni alituonyesha tu namna nyingine ya kuushika. Basi uniandikie hata yale ya huko unayoona ni kama yetu tu. Hayo ndiyo ninayoyangoja zaidi.

Nyanya yako anayekuombea.