Kimia cha Chuma Chini ya Ukwato

Jumanne, 9 Julai

Kosa la wengi ni kudhani kwamba chuma hiki cha nikeli na titani hurudia umbo lake ukikipa joto. Si joto lolote. Ni joto lake. Kila kipande kina lake, na usipolijua hujui kitu. Naandika haya kwa sababu leo karakana nzima imepiga makofi, nami nimepiga, lakini nimerudi nyumbani na swali.

Tegan, anayeendesha mashine ya kuchapa chuma, alileta pedi aliyoichapa, ya kuwekwa chini ya ukwato wa farasi: unga wa nikeli na titani ulioyeyushwa kwa leza, tabaka juu ya tabaka, hadi kikatokea kimia chenye matundu kama sifongo. Saa ya chai akaibana kwenye jiliwa hadi ikawa bapa kama kigae. Akaitumbukiza bakulini, akamimina maji ya birika. Ikainuka! Kona zote. Ndiyo desturi ya karakana: kila kipande hujaribiwa kwa birika la chai, watu wakitafuna biskuti.

"Mzee Lubo, funga mdomo, nzi wataingia," akaniambia.

Pedi hiyo na mwenzake ni za Bess, farasi wa Noeline Fahey, mkulima wa viazi kule Robertson. Kwato zake za mbele zimevimba ndani. Kila hatua ni mateso. Kimia kitambeba, kitabonyea mchana kutwa, na jioni ukwato utawekwa kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu ili kiinuke tena. Kiatu cha farasi kitapigiliwa misumari juu yake, kwa hiyo pedi haiwezi kutolewa kila siku na kupashwa peke yake. Daktari wa mifugo anarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Kama Bess bado hawezi kusimama vizuri, ni sindano ya mwisho.

Ijumaa, 12 Julai

Noeline amepiga simu. Pedi zimelala, hazijainuka. Amebadilisha maji mara kadhaa. Bess, anasema, alimtazama kama mgeni aliyeletewa chai baridi.

Tegan anasema maji yalipoa, Robertson kuna baridi ya kumnyamazisha jogoo. Huenda. Lakini Noeline aliyajaribu kwa kiwiko, kama mtu anayeogesha mtoto. Na maji ya moto zaidi ya hapo yatamuunguza farasi mgonjwa.

Nimeomba kipande cha ziada cha kimia kilekile. Kiko mfukoni.

Jumamosi, 13 Julai

Sufuria, maji baridi, kipimajoto, moto mdogo. Nimekibana kipande, nimekizamisha, nimevuta kiti.

Nyuzi thelathini — kimya. Arobaini, joto la ndoo — kimya. Hamsini. Hapo nikaanza kufurahi, na si adabu kufurahi wakati farasi anaumwa. Karibu na sitini ncha moja ikatikisika. Kisha nyingine. Kisha kimia chote kikajinyoosha taratibu, kama paka anayeamka.

Basi si maji yaliyopoa. Birika ndilo lililotudanganya. Maji yanayochemka huinua kipande kizuri na kibaya, hayabagui.

Lakini unga tuliagiza wa kuinuka kabla ya arobaini. Nani ameubadilisha njiani?

Jumatatu, 15 Julai

Leza.

Nimemuuliza Tegan aliiendesha vipi. Polepole, akasema kwa fahari, ili vijiti vya kimia visibaki na vitundu ndani. Kweli, ni vijiti safi sana. Ila nikeli huwahi kugeuka mvuke kuliko titani. Leza ikikawia mahali, nikeli inaondoka kama maji ya mchuzi uliosahauliwa jikoni, na unachopakua ni mchuzi mwingine. Ikipungua chembe tu, joto la kuinukia linapanda.

Akaigeukia mashine yake. Kisha: "Kwa hiyo nimeharibu kwa kufanya kazi nzuri?"

Nikamweleza tena, kwa mfano wa pili, na nilikuwa nao wa tatu.

"Mzee, ungenitukana tu tukamaliza."

Tumechapa vipande vidogo, kila kimoja kwa kasi yake, tukavipasha vyote kwenye sufuria yangu. Kimoja kiliinuka kabla ya arobaini. Tegan alikibana, akakizamisha tena akiwa amekishika ndani ya maji. "Kinatekenya," akasema. Hakucheka.

Hatari sasa iko upande wa pili. Leza ikikimbia, vitundu hubaki, na kijiti chenye kitundu huenda kikakatika chini ya uzito wa farasi. Hatuna muda wa kujua. Pedi mpya zinachapwa usiku huu kwa kasi hiyo.

Alhamisi, 18 Julai

Zilipigiliwa jana. Noeline ameandika asubuhi hii: zimelala kwa uzito wa Bess, kama inavyotakiwa, ila bado hazijatiwa ndooni. Kwa pembeni haoni kijiti kilichokatika. Vya katikati hakuna anayeweza kuviona. Bess ameegemea ukuta. Farasi huyu amemvumilia kuliko marehemu mume wake, anasema, kwa hiyo tusichelewe.

Daktari anafika saa nane mchana. Tunataka ukwato uwe umeshaingia ndooni kabla hajashuka garini.

Tegan yuko nje, injini inanguruma. Nimechungulia kiti cha nyuma: ndoo mbili, kipimajoto, na birika la karakana. Ni la bahati, anasema. Namwelewa. Tukisimama pale na pedi zisiinuke, na daktari anafungua mkoba wake, mkono wa mmoja wetu utalifuata hilo birika na kumimina maji yanayochemka ndooni. Huenda ukawa wangu. Na pedi zitainuka, na sote tutapiga makofi, isipokuwa Bess.

Anapiga honi.

Kabla ya kupanda: toa birika garini.